Joto na Unyevu Katika Kizimba cha Nyoka: Pima, Usikisie

Usiku mmoja wa mwezi wa Julai, miaka michache iliyopita, kijana mmoja aliletwa katika zahanati yangu jijini Nairobi. Mamake alikuwa amemshika mkono mmoja, nduguye mdogo mkono wa pili. Kichwa kilikuwa kikimwuma sana, alikuwa ametapika mara tatu, na maswali yangu aliyajibu kama mtu aliyelewa. Mamake alidhani ni malaria. Lakini yule nduguye, ambaye walilala naye chumba kimoja, alikuwa pia akishika kichwa. Watu wawili hawashikwi na malaria saa ile ile, kitanda kwa kitanda.

"Mama, mlikuwa na jiko chumbani?" nikamwuliza.

Mama alinyamaza kidogo. "Ndiyo, daktari. Stima ilipotea, na huyu akasema nyoka wake atakufa kwa baridi. Akaingiza jiko la makaa, akafunga dirisha."

Naam, msomaji, umesoma sawasawa. Kijana huyo hufuga nyoka, na ana kibali. Kwa kutaka kumwokoa nyoka mmoja, nusura familia ipoteze vijana wawili. Niliwapa oksijeni na kuwapeleka hospitali, na baada ya siku mbili walikuwa nyumbani. Tangu usiku huo nimekutana na wafugaji kadhaa wa nyoka, na nimeona kwamba karibu kila taabu yao, ya nyoka na ya mwenye nyoka, huanzia mahali pamoja: mtu anakisia joto na unyevu badala ya kuvipima. Leo tulizungumze jambo hilo.

Kwanza, sheria

Nchini Kenya, nyoka ni mnyamapori. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumfuga bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Usitoke kwenda msituni na gunia kumsaka. Wengi wetu hatuwezi kumtenganisha nyoka asiye na sumu na yule anayeua, na huko kaskazini mwa nchi yetu wapo nyoka wadogo wa rangi ya mchanga wenye sumu kali. Somo hili ni la wenye vibali, walimu na watumishi wa vituo vya maonyesho, pamoja na jamaa zetu walio ng'ambo ambako nyoka huuzwa madukani kama kasuku.

Nitatumia mfano wa nyoka wa kwetu. Wafugaji wa Marekani na Ulaya humwita boa wa mchanga wa Kenya. Wataalamu humwita Eryx colubrinus. Hupatikana katika nchi kavu kuanzia Misri hadi kaskazini mwa Tanzania. Hana sumu. Ni mfupi na mnene, na jike, ambaye humzidi dume kwa mbali, kwa kawaida hafiki mita moja. Hatagi mayai bali huzaa watoto hai. Mchana hujifukia mchangani akabakiza macho na pua tu. Tabia hiyo ya kujifukia ikumbuke, maana tutairudia.

Mwili wake si kama wako

Mimi na wewe tunatengeneza joto letu wenyewe. Chakula tulacho huchomwa mwilini, na ubongo huhakikisha kwamba joto linabaki karibu na nyuzi 37 za Selsiasi. Ukisikia baridi unatetemeka, ukisikia joto unatoka jasho. Nyoka hana uwezo huo. Hatetemeki kama sisi, wala hana jasho. Joto la mwili wake hufuata joto la mahali alipo. Akitaka kupata joto, husogea palipo na joto. Akitaka kupoa, husogea kivulini au ndani ya shimo. Dawa yake ni kutembea.

Ukimtia ndani ya sanduku la kioo umemnyima dawa hiyo, isipokuwa umempa pa kwenda. Ndiyo maana swali la "nyoka anahitaji joto kiasi gani?" halina jibu moja. Asubuhi anahitaji joto hili, akishiba anahitaji lile, usiku lingine. Kazi yako si kumchagulia, ila ni kumpa nafasi ya kuchagua.

Kwa hiyo kizimba kiwe na pande mbili. Upande mmoja uwe wa joto na wa pili uwe wa baridi kiasi. Kwa boa wa mchanga, upande wa joto uwe nyuzi 32 hadi 35 pale anapolala, na upande wa baridi nyuzi 25 hadi 27. Usiku si vibaya joto likishuka hadi nyuzi 22 au 24. Kila upande uwe na mahali pa kujificha. Ukiweka maficho upande wa joto peke yake, nyoka atalazimika kuchagua kati ya kuungua na kuwa wazi, na nyoka mwoga huchagua kuungua.

Chanzo cha joto, kiwe ni mkeka wa umeme au balbu, kisizidi theluthi moja ya kizimba. Kiunganishwe na kidhibiti joto, yaani kile kifaa kinachozima na kuwasha stima chenyewe. Balbu iwekwe nje ya wavu, nyoka asiweze kujizungusha juu yake. Mawe ya umeme yanayouzwa kuwa ni ya kuwapasha nyoka joto, yaache dukani, kwani mara nyingi hupata moto mahali pamoja na kuacha kidonda. Na kizimba cha kioo kisiwekwe dirishani penye jua hata kwa dakika chache. Kioo juani ni kama gari lililofungwa madirisha. Joto la mwili likikaribia nyuzi 40, nyoka yumo hatarini kufa.

Kiganja si kipimajoto

Yule kijana wetu hakuwa na kipimajoto. Nilipomwuliza alijuaje kwamba kizimba kina joto la kutosha, aliniambia aligusa kioo kwa mkono. Nilitabasamu, kwa sababu kina mama wengi huniambia hivyo hivyo kuhusu homa ya mtoto.

Tatizo la kiganja ni kwamba nacho kina joto lake, kwa kawaida karibu nyuzi 33. Kitu chenye nyuzi 30 ukikigusa kitaonekana kimepoa, ingawa kwa nyoka ni joto zuri. Kijana aligusa, akaona kimepoa, akaongeza mkeka wa pili. Siku chache baadaye nyoka alikuwa na malengelenge tumboni.

Hapo ndipo ile tabia ya kujifukia inapoingia. Kijana alikuwa ameweka mchanga wa kina kirefu juu ya mikeka miwili. Juu ya mchanga palikuwa na joto la kadiri. Lakini boa wa mchanga hakai juu. Alichimba hadi chini kabisa, akalaza tumbo juu ya kioo kilichokuwa moto kama chuma cha pasi. Mtu angedhani angekimbia, lakini nyoka mara nyingi hatoki juu ya kitu chenye moto hata kinapomchoma.

Kwa hiyo kipimajoto kisibandikwe ukutani juu ya kizimba, maana huko nyoka haishi. Nunua kile chenye waya na kitambuzi, na kitambuzi hicho ukiweke pale tumbo la nyoka linapogusa: chini ya mchanga, juu ya kioo, upande wa joto. Kingine kiweke upande wa baridi. Kitambuzi cha kidhibiti joto nacho kikae chini karibu na mkeka, kisikae hewani. Mchanga wenyewe usiwe wa kina kirefu upande huo. Sentimita 5 zinatosha. Soma vipimo asubuhi na jioni, uviandike kwenye daftari. Daftari la juma moja litakueleza mengi kuliko kiganja cha mwaka mzima.

Unyevu hufuata joto

Wafugaji wengi hulishughulikia joto wakausahau unyevu wa hewa, au huvitenganisha kana kwamba havijuani. Hewa yenye joto huweza kubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi. Ukiipasha hewa joto bila kuiongezea maji, unyevu wake kwa asilimia hushuka.

Tuchukue hesabu. Chumba cha Nairobi kina nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 80. Hewa hiyo ikipashwa hadi nyuzi 32, unyevu wake hushuka hadi karibu asilimia 40. Nenda Mombasa, chumba kina nyuzi 28 na unyevu ule ule wa asilimia 80. Ukiifikisha hewa hiyo nyuzi 32, itabaki na zaidi ya asilimia 60. Kizimba ni kile kile na nyoka ni yule yule, lakini hali ni mbili tofauti kabisa.

Je, ipi ni nzuri? Itategemea nyoka wako ametoka wapi. Boa wa mchanga ni mtoto wa nchi kavu. Asilimia 30 hadi 50 zinamtosha. Chatu mdogo wa Afrika Magharibi, yule anayejikunja kama mpira akiogopa na ambaye hupatikana Ghana, Togo na Benin, anataka asilimia 55 hadi 70. Hivyo Nairobi kizimba chenye joto humfaa boa wa mchanga bila taabu, lakini humkausha yule chatu. Mombasa mambo hugeuka: chatu anastarehe, na boa wa mchanga anaanza kuoza ngozi.

Mfugaji wa pwani mwenye boa wa mchanga na aongeze matundu ya hewa, atumie chombo kidogo cha maji akiweke upande wa baridi, na abadilishe mchanga mara unapolowa. Asinyunyize maji. Mfugaji wa Nairobi mwenye chatu na aweke bakuli kubwa la maji, apunguze upenyo wa hewa juu ya kizimba bila kuuziba, na atandike maganda ya mti au makumbi ya nazi yanayohifadhi unyevu. Hata hapo, matandiko yawe na unyevunyevu, yasiwe tope. Unyevu wa hewani ni afya, bali maji yaliyotuama chini ya tumbo ni ugonjwa.

Kipima unyevu nacho hununuliwa, na vingi siku hizi huja pamoja na kipimajoto. Usikiweke juu ya bakuli la maji, kitakudanganya.

Nyoka anavyokueleza

Mgonjwa asiyeweza kusema husomwa kwa macho, kama tunavyowasoma watoto wachanga. Angalia yafuatayo.

Ngozi. Kabla ya kujivua gamba, rangi ya nyoka hufifia na macho huwa kama yamefunikwa na ukungu. Siku kadhaa baadaye macho hung'aa tena, kisha gamba hutoka. Nyoka mwenye afya hulivua zima, kama mtu anavyovua soksi. Likitoka vipandevipande, au likibaki kwenye ncha ya mkia na juu ya macho, hewa ilikuwa kavu mno. Usilibandue kwa kucha, hasa machoni. Mwekee kikopo kilichofunikwa chenye tundu la kuingilia, ndani yake uweke karatasi za shashi zilizoloweshwa na kukamuliwa. Hata boa wa mchanga hukihitaji kikopo hicho siku za kujivua, ingawa sehemu iliyobaki ya kizimba ni kavu.

Tumbo. Malengelenge, mabaka mekundu au magamba ya hudhurungi yanayonuka ni dalili ya kuungua au ya kulala majimaji. Kipimo kitakuambia ni lipi kati ya hayo.

Pumzi. Nyoka anayeachama kinywa, anayetoa mapovu, anayekoroma au anayeinua kichwa juu kila wakati ana shida ya mapafu. Mara nyingi amekaa kwenye baridi, au baridi pamoja na unyevu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo upesi. Tafadhali usimpe mabaki ya vidonge ulivyoandikiwa wewe. Dozi ya mtu si dozi ya nyoka.

Chakula. Nyoka humeng'enya chakula kwa msaada wa joto. Akila panya kisha akakaa kwenye baridi, panya huoza tumboni kabla ya kumeng'enywa, na nyoka humtapika. Kwa siku mbili baada ya kula, hakikisha upande wa joto haukosi joto, wala usimshikeshike.

Mahali. Nyoka asiyetoka kamwe upande wa joto anakuambia kizimba ni baridi. Anayejibanza upande wa baridi kutwa kucha, au kujiloweka majini kila siku, huenda anakimbia joto. Anayehama huku na huko anakushukuru.

Stima ikipotea

Turudi kwa usiku ule wa Julai. Mwezi huo usiku wa Nairobi waweza kushuka hadi nyuzi 12 au chini ya hapo, na stima haitoi taarifa kabla ya kupotea.

Jambo la kwanza ni kutulia. Boa wa mchanga mwenye afya hafi kwa saa chache za baridi ya ndani ya nyumba. Usimlishe siku hiyo. Funika kizimba kwa blanketi, ukiacha matundu ya hewa wazi. Chemsha maji jikoni, uyatie kwenye chupa iliyofungwa vyema, uizungushie taulo, kisha uiweke upande mmoja wa kizimba. Chupa ikipoa, badilisha. Pima joto kama kawaida, kwa sababu chupa nayo yaweza kuunguza.

Jambo la pili, ambalo ni kubwa kuliko yote niliyoandika leo: usiingize jiko la makaa katika chumba kilichofungwa, iwe ni kwa ajili ya nyoka, kifaranga, mtoto mchanga au wewe mwenyewe. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika, hivyo mwili hukosa pumzi huku kifua kikipanda na kushuka kama kawaida. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea na kuchanganyikiwa, kisha usingizi usio na kuamka. Watu wa chumba kimoja wakiumwa kichwa kwa pamoja palipo na jiko, toeni watu nje kwenye hewa safi na mkimbilie hospitali. Msingoje asubuhi.

Na mikono je?

Nyoka, hata mwenye afya tele, mara nyingi hubeba tumboni viini vya salmonela. Kwake si kitu. Kwako vyaweza kuleta homa na kuhara, na kwa mtoto mdogo au mtu dhaifu vyaweza kuingia katika damu na kumwua. Hatari hiyo haimhusu nyoka pekee. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa kobe wadogo mwaka 1975 kwa sababu hiyo hiyo. Na katika kizimba kichafu chenye joto na majimaji, viini hivyo hustawi.

Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kila baada ya kumgusa nyoka, maji yake au mchanga wake. Usioshee bakuli lake kwenye sinki la jikoni. Usile ukiwa naye, wala usimbusu. Watoto walio chini ya miaka 5, wajawazito, wazee na watu wenye kinga hafifu wasimguse kabisa. Mtu wa nyumba hiyo akihara na kupata homa, mwambie daktari kwamba mnafuga nyoka, hata kama hakuuliza.

Yule kijana alikuja kuniona mwezi uliofuata, safari hii akitembea mwenyewe. Alikuwa na daftari la shule lenye mistari, ameandika asubuhi na jioni: joto juu, joto chini, unyevu. Mikeka miwili ilikuwa imebaki mmoja. Nyoka alikuwa amejivua gamba, na alikuwa amenibebea gamba hilo ndani ya bahasha, zima kutoka pua hadi mkia. Kidonda cha tumboni kilikuwa kimefunga. Mamake alikuwa amenunua chupa mbili za maji ya moto. Jiko, alinihakikishia, linalala nje.

Kwa hivyo, msomaji mwenye nyoka, kabla ya kulala leo nenda kwenye kizimba. Usikiguse. Kisome. Nakutakia afya njema hadi juma lijalo.